Tupeane uzoefu: Ebola ilipokaa mpaka watu wakaizoea, Kivu Kaskazini na Ituri 2018 hadi 2020

Mleta mada (Beni)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba waliokuwa huku mashariki mwa Kongo, Beni, Butembo, Mangina, Mambasa, Goma na hata wa ng'ambo ya mpaka kule Kasese, Uganda, tupeane uzoefu wa ile Ebola. Siyo zile wiki za kwanza ambapo kila mtu alikuwa na hofu, hizo zimeshasemwa sana. Nataka tuongee kile kipindi cha katikati, ugonjwa umeshakaa mwaka mzima, kila wiki kuna mazishi, na ndoo ya klorini mlangoni pa kanisa imekauka na hakuna anayeuliza nani ajaze.

Nianze mimi. Nilikuwa kwenye kazi ya kufuatilia waliogusana na wagonjwa. Mtu akithibitishwa, unaandika wote aliolala nao, waliomfulia, waliompeleka kwa pikipiki, waliomshika mkono akiwa anatapika, alafu unawapitia nyumbani kila siku kwa siku 21, unapima joto, unauliza kichwa je, tumbo je. Karatasi yenyewe ina vyumba 21 mbele ya kila jina na kila siku unajaza kimoja. Mwanzoni, pale ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kwamba imeanzia Mangina, watu walikuwa wanatusubiri nje kabisa na viti wametoa. Mwaka uliofuata unafika unaambiwa yuko shambani, kesho yuko shambani, keshokutwa unamwona kwa macho yako anapita nyuma ya migomba. Wengine wanameza parasetamo kabla hatujafika ili joto lisionekane, wanaogopa wakionekana na homa watachukuliwa na gari la riposti, yaani timu ya kupambana na Ebola, na karitye (mtaa) nzima itajua.

Na niseme ukweli, uzembe haukuwa wa raia peke yao. Kuna wenzetu kwenye timu walikuwa wanakaa chini ya mti wanajaza vyumba vyote vya wiki kwa mara moja, joto 36.5, 36.6, 36.4, hata mlango hawajabisha. Mimi niliona karatasi ya mtu imejazwa kwamba yuko salama na huyo mtu alikuwa ameshazikwa. Wapo waliotafuta posho, ndiyo maana mitaani ikaitwa biashara ya Ebola na jina hilo likaganda.

Lakini kusema watu wa Beni walipuuza tu ni kuwaonea. Mama mmoja aliniambia mlangoni kwake, sisi tunachinjwa kwa mapanga tangu 2014 hakuna aliyekuja, leo kuna ugonjwa mmoja magari yamejaa barabara, nyie mnanipenda tangu lini? Nilikosa la kumjibu. Alafu Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akawa anaapishwa Januari, kwa hiyo kura yetu haina maana tena. Watu wa Beni wakapanga foleni siku ya uchaguzi wakapiga kura yao wenyewe ya kuonyesha tu, na kwenye foleni ile walinawa mikono. Baada ya pale kumwambia mtu Ebola siyo siasa ilikuwa kazi ngumu sana. Kulikuwa na utafiti uliofanyika Beni na Butembo Septemba 2018, kama robo ya waliohojiwa walisema Ebola haipo, na hiyo ni kabla hata ya mambo ya uchaguzi.

Karibuni, kila mtu aseme alichokiona.

Motari wa Butembo

Asante kwa mada kaka. Mimi ni motari, naendesha pikipiki ya abiria, barabara ya Butembo kwenda Beni naijua kila shimo. Kwenye vizuizi utaratibu ulikuwa abiria anashuka, ananawa, anapimwa joto, anaandikwa jina. Mwezi wa kwanza wote tulitii. Baadaye abiria anakwambia motari nishushie hapa kabla ya kizuizi, anapita njia ya nyuma ya nyumba za watu, unamkuta mbele anakusubiri, na anakulipa. Wagonjwa tulikuwa tunawabeba katikati, mimi mbele, mgonjwa kati, ndugu nyuma amemshikilia asianguke. Mtu amelegea shingo ananiegemea mgongoni na ndugu anasema ni malaria tu, twende haraka. Ningesema nini, na homa zote za kwetu zinaanza kama malaria?

Yule mchungaji aliyefika Goma Julai 2019 alitoka hapa kwetu kwa basi, akiwa mgonjwa tayari, na wizara ilisema kwenye vizuizi vitatu aliandikisha majina tofauti. Siku tatu baadaye, tarehe 17, ndiyo WHO, Shirika la Afya Duniani, ikatangaza dharura ya kimataifa. Sisi Butembo na jirani zetu wa Katwa tulishazika watu karibu mwaka mzima, dunia ikashtuka Ebola ilipofika kwenye mji wenye uwanja wa ndege na mpaka. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kilichobadilisha motari ni chama chetu wenyewe. Walipoacha kutuma watu wa Kinshasa wanaoongea Kifaransa na Kilingala, wakachukua motari wenzetu wanaongea Kinande, lugha ya hapa kwetu, wakae kizuizini, ile njia ya nyuma ilipungua sana. Nani atamdanganya mtu anayejua mpaka pikipiki yako inavuja wapi?

Mama wa Petite Barrière (Goma)

Mimi nauza mboga Gisenyi, upande wa Rwanda, navuka mpaka pale Petite Barrière asubuhi narudi jioni. Kunawa pale mpakani ilikuwa lazima, hakuna ujanja. Ila upande wetu sokoni, yule mgonjwa wa kwanza wa Goma alipopatikana ndoo zilitokea kila duka siku hiyo hiyo, watu hawasalimiani kwa mkono, tunagusana viwiko. Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda wakafunga mpaka kwa saa kadhaa kisha wakafungua, siku ile ndiyo kila mtu alielewa, maana njaa tuliiona kwa macho. Goma wakaishia wagonjwa wanne tu, Mungu na chanjo vilisaidia. Ila wiki zilivyopita bila mgonjwa mpya, ndoo zikawa za kufulia.

Kijana wa mazishi

Nimekuwa kwenye timu ya kuzika. Nitaeleza kidogo maana wengi wanatuhukumu.

Mwanzoni tulikuwa tunafika tumevaa tayari, nyeupe toka kichwa mpaka mguu, miwani, hakuna anayeona uso wako. Tunaingia, tunapuliza klorini, tunafunga mwili kwenye mfuko, tunaondoka. Familia haijamwona mtu wao. Wakasema mfuko una mawe, au viungo vimetolewa. Tulirushiwa mawe, gari letu lilivunjwa kioo. Na familia zikaanza kuzika usiku kwa siri, na kule kuosha maiti ndiko kulikokuwa kunaua, maana mwili wa aliyekufa kwa Ebola ndio umejaa virusi kuliko wakati wowote.

Baadaye tukabadilisha. Unafika na nguo zako za kawaida, unasalimia, unakaa, unapewa kiti, unaeleza. Unavaa mbele yao hatua kwa hatua. Mfuko ukaletwa wenye sehemu inayoonyesha, familia ikamwona uso. Ndugu wawili watatu wakaruhusiwa kuvaa na kubeba jeneza pamoja na sisi, mchungaji akaomba kwa mbali kidogo. Nakumbuka mzee mmoja Katwa alikataa toka asubuhi mpaka saa nane, tulipompa glavu na vazi amzike mwanawe kwa mikono yake akasema hili tu ndilo nilikuwa naomba. Saa zote zile tungeokoa kwa kumwuliza asubuhi.

Katwa na Butembo vituo vya matibabu vilichomwa Februari 2019, na Aprili akauawa daktari Richard Mouzoko wa Kameruni akiwa hospitalini kwenye mkutano na wenzake. Wiki ile nusu ya timu yetu haikurudi kazini na siwalaumu.

Muuguzi wa zahanati

Mnasahau surua. Mwaka ule ule wa 2019 surua iliua Kongo nzima zaidi ya watu 6,000, karibu wote watoto, na Ebola kwa miaka yake yote miwili iliua 2,287. Mzazi analeta mtoto ana surua hakuna dawa, nje kuna magari ya Ebola yanapita. Utamwambia nini huyo kuhusu kunawa mikono?

Na zahanati ndogo kama zetu ndizo zilizosambaza sana, lazima tukubali. Kitanda kimoja watoto wawili, glavu hazitoshi, mgonjwa wa homa anachomwa sindano anarudi nyumbani. Walipotuletea maji, glavu na mafunzo ndipo ikapungua. Kabla ya hapo tulikuwa tunaletewa mabango.

Mshindi (Beni)

Mimi nilipona. Kwetu tunaitwa washindi. Nilipotoka niliajiriwa kulea watoto ambao mama zao wamelazwa, maana sisi tuliopona tunaweza kumbeba mtoto bila kuvaa yale mavazi. Mtoto mchanga ambaye hajaguswa na ngozi ya mtu, anaguswa na glavu tu, ukimweka kifuani anatulia papo hapo. Majirani waliokuwa wanasema Ebola ni uongo, mimi ndiye niliwanyamazisha, siyo redio. Nikawaambia njooni mnishike mkono, niulizeni. Walikuja.

Wa Kasese

Kwetu Bwera iliingia Juni 2019 na familia iliyotoka mazishini Kongo, mtoto wa miaka mitano akafa. Wahudumu wetu walikuwa wamechanjwa miezi kabla, na haikusambaa upande huu. Mpaka wetu ni mto na undugu, hauwezi kuufunga.

Mchangiaji (Bukoba)

Mkuu mleta mada, pole na hongera kwa kazi. Nauliza, si nasikia ilirudi zikiwa zimebaki siku chache itangazwe imeisha? Sisi Marburg ya 2023, ugonjwa ndugu yake Ebola, tulihesabu hizo siku 42 bila mgonjwa mpya kwa roho juu.

Mleta mada (Beni)

Ndiyo ndugu yangu. Ilikuwa itangazwe imekwisha tarehe 12 Aprili 2020, tarehe 10 akapatikana mtu mpya hapa Beni. Watu walikuwa wameshapanga ngoma. Na Korona imeshaingia nchini, kila mtu anaangalia huko. Tukaanza kuhesabu upya, ikatangazwa imekwisha 25 Juni, jumla wagonjwa 3,470.

Hapo ndipo pana somo ambalo wengi hawalijui. Virusi hubaki kwenye shahawa za baadhi ya wanaume waliopona kwa miezi mingi, wachache hata zaidi ya mwaka, na yeye mwenyewe anajisikia mzima. Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mama ambaye mumewe alikuwa mshindi. Wakaugua 12, wakafa 6. Kwa hiyo kupima shahawa kila mwezi mpaka majibu mawili mfululizo yaje safi, na kondomu mpaka hapo, ni jambo la lazima. Lakini washindi wengi walishaacha kwenda, magari yalishaondoka, na mtu akionekana kliniki ile majirani wananong'ona.

Mshindi (Beni)

Ni kweli kaka. Kwenye kikundi chetu wanaume waliona aibu, tukaamua waende wanne wanne asubuhi mapema na wake zao waelezwe pamoja nao, siyo mwanaume peke yake. Waliokuwa wameacha, wengi wakarudi.

Mleta mada (Beni)

Hiyo ndiyo naitafuta. Wa Mambasa na Mandima bado hamjasema, andikeni, na kama kuna aliyekuwa kwenye timu ya chanjo aeleze jinsi walivyokuwa wanachagua nani achanjwe, maana hapo ndipo ugomvi ulikuwa mkubwa kwenye karitye yetu.