Daktari kanikataza kunyanyua mzigo, meneja anasema kazi ni ile ile. Nishaurini

Mbeba Kreti: Assalaam alaykum wanajamvi. Mie ni mtu wa stoo katika hoteli moja huku Kusini Unguja. Niliumia mgongo, nikalazwa, nimerudi na barua ya daktari: nisinyanyue zaidi ya kilo 5, nisiiname, mpaka anione tena. Meneja kaisoma, kaikunja, kasema hoteli haina kazi ya kukaa kitako. Nataka fidia, na nipewe kazi nyepesi, hata kuandika daftari la stoo. Haki yangu ipo wapi? Usingizi sipati.

Bibi Forodhani: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa kuli, akaangukiwa na gunia la mchele. Wakamweka getini kuwa mlinzi. Akilala mchana kutwa, na wezi wakimjua kwa jina, lakini mshahara ukiingia. Uchuliwe mafuta ya karafuu, yamoto.

Popobawa wa Pili: Kilo 5? Basi na sinia la pilau usibebe, akulishe mkeo.

Karani Mstaafu: Fidia ni jambo moja, kazi nyepesi ni jingine. Uliumia wapi, na nani aliona?

Mbeba Kreti: Mzee Karani, mgongo ndio suala, si mahali.

Karani Mstaafu: Wapi?

Mbeba Kreti: Haya. Pemba. Niliomba ruhusa ya msiba, nikenda kumchumia mjomba karafuu, tawi likakatika. Ila meneja nishamwandikia kuwa niliteleza kwenye ngazi za stoo, na mwenzangu mmoja kakubali kuwa shahidi. Msinihukumu. Kreti za soda nimebeba miaka, hata glovu hawajanipa. Mgongo huu wao ndio waliouanza, mkarafuu umemalizia tu.

Bint Wete: Na huo msiba, ulimuua nani?

Mbeba Kreti: Bibi.

Bint Wete: Yu hai?

Mbeba Kreti: Yu hai, alhamdulillahi.

Bibi Forodhani: Astaghfirullah! Ndio maana ukaanguka.

Abuu Salha: Nenda WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wanalipa vizuri. Shemegi yangu Dar walimlipa.

Karani Mstaafu: WCF ni ya Bara. Kazi si jambo la Muungano, Zanzibar tuna sheria zetu.

Kijana wa Micheweni: Jamani, mnatungiwa hadithi. Hotelini msimu wa wageni mtu wa stoo apewe ruhusa hivi hivi? Na mchumaji gani hataji kamba? Tuambie, makonyo huenda wapi?

Mbeba Kreti: Makonyo ni vile vikonyo, hupelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Kamba ilikuwa moja, anayo mjomba.

Kijana wa Micheweni: Wawi hata mtoto wa skuli anaijua. Weka picha ya barua ya daktari.

Mbeba Kreti: Ina jina langu.

Popobawa wa Pili: Na bibi aweke picha ameshika gazeti la leo.

Bint Wete: Mie namuamini. Mikarafuu yetu ya zamani mirefu, na kila msimu tunasikia fulani kaanguka. Mtu hatungi kitu cha aibu namna hii.

Karani Mstaafu: Kweli au uongo, wapo wengine wanaosoma. Fidia ya kuumia kazini huna, na hiyo barua ya ngazi ifute kabla hujamponza mwenzako. Lakini kazi nyepesi unaweza kuidai popote ulipoumia. Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu. Mwandikie meneja, ambatanisha barua ya daktari, taja hilo daftari la stoo, baki na nakala. Usisaini karatasi ya kuacha kazi kwa hiari. Akikataa, nenda Kamisheni ya Kazi. UWZ, yaani Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, nao wamekuwa wakitetea haki zao tangu 1985, kawaone. Na kuhusu mkarafuu, wapo wachumaji walioanguka wakapata fidia kupitia ZSTC, shirika la serikali la kununua karafuu. Kaulizie.

Mbeba Kreti: Barua ya ngazi siwezi kuifuta, meneja ataniona muongo.

Bint Wete: Ataku*ona*?

Mbeba Kreti: Na ZSTC mjomba hataki nende. Anasema wataanza kuuliza karafuu zenyewe ziliuzwa wapi.

Popobawa wa Pili: Lo! Na mashua iliondoka saa ngapi?

Kijana wa Micheweni: Sasa nakuamini.