Tuliomba Sura ya 13 pamoja hapa Marekani, sasa mume anataka talaka. Malipo inakuwaje?

MamaWawili_TX:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, matusi hapana. Usingizi umenipaa.

Mimi na mume wangu tuko Houston, Texas. Miaka miwili na nusu iliyopita madeni yalitufika shingoni, tukaenda pamoja mahakama ya kufilisika, Sura ya 13. Kwa wasioijua, hawakuuzii vitu. Mnapangiwa kulipa miaka mitatu hadi mitano, hela inapitia kwa msimamizi, yeye anawagawia wadai. Sisi tulipangiwa miezi 60, dola 1,850 kila mwezi. Ndiyo iliyookoa nyumba, maana rejesho tulikuwa nyuma miezi saba.

Sasa kahama, anataka talaka. Mimi nabeba boksi usiku kwenye nyumba ya wazee, mshahara wangu peke yake hautoshi. Mpango ndiyo umekufa? Naweza kumwachia alipe yeye?

Mnyalu wa Zamani:
Pole binti yangu. Kabla ya mahakama, wazee mmewakalisha? Mshenga yuko wapi? Siku hizi mtu akinuniwa wiki mbili tu, talaka.

MamaWawili_TX:
Mzee wangu shikamoo. Wazee wamekaa mara tatu kwa simu. Imeshindikana.

Shifti ya Usiku:
Dada, mimi yalinikuta Dallas. Tulipoachana kila mmoja alidhani mwenzake analipa. Kesi ikafutwa, benki ikarudi palepale ilipoachia. Texas nyumba zinanadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Nilikwenda nikasimama pembeni nasikiliza anwani yangu ikisomwa. Dakika chache, basi. Mapazia aliyoniletea marehemu mama kutoka Kariakoo nilikuwa sijayatoa dirishani.

Kalamu Mezani:
Nafanya kazi ofisi ya wakili wa mambo haya, ingawa mimi si wakili. Dada, talaka peke yake haiui mpango. Wanaoruhusiwa kuomba pamoja ni mke na mume tu, lakini mkiachana katikati kesi inaweza kugawanywa ziwe mbili. Wewe ukaomba mpango wako upunguzwe kulingana na kipato, yeye akaendelea na wake, au mmoja akahamia Sura ya 7, ile ambayo mali inaweza kuuzwa kulipa wadai. Ila wakili wenu mmoja hawezi kuwatetea wote wawili mkiwa mnavutana. Tafuta wako.

Mahakama ya talaka inaweza kuwaachanisha na kuamua matunzo ya watoto bila kungoja mtu. Kugawana mali iliyo ndani ya kufilisika ndiko kunakohitaji ruhusa ya mahakama ile nyingine. Na hilo la kumwachia alipe, jaji wa talaka hata akiandika "deni hili la mume", hukumu inawafunga nyie wawili, haimfungi mdai. Atakufuata tu.

Sasa nikuulize. Kesi ikigawanywa, mara nyingi kila mtu anajaza upya fomu zake. Kuna mali yoyote, popote, ambayo hamkuiandika?

Chui wa Pwani:
Mkuu hapo juu kauliza kama mpelelezi 😂 Haya dada, jibu.

MamaWawili_TX:
Sioni inahusiana vipi.

Kalamu Mezani:
Inahusiana kuliko yote uliyoandika.

MamaWawili_TX:
Kuna nyumba Bunju, Dar. Hati ina jina la mama. Hela nilituma mimi, nondo, bati, mpaka vigae vya sebuleni nilichagua kwa picha za simu. Kwani kumjengea mzazi ni kosa? Mume alijua tangu msingi. Sasa ananiambia nikidai nyumba ya huku, atakwenda kwa msimamizi. Nimeshamwambia kaka aiuze kimyakimya yaishe.

Kalamu Mezani:
Simamisha mauzo leo. Sheria inahesabu mali popote ilipo na yeyote aliyeishika. Kama nyumba ni ya mama kweli au ni yako, wakili atapima, wewe usijihukumu wala usijisafishe. Lakini kuficha kwa makusudi ni jinai, kifungo mpaka miaka mitano. Na kuuza sasa ndiyo kunaonyesha makusudi.

Shifti ya Usiku:
Mama anakaa humo? Muulizeni na yeye jamani.

Chui wa Pwani:
Wakuu, hii ni chai. Mwezi wa tatu kulikuwa na uzi kama huu humuhumu, ila mleta mada mwanaume. Houston, dola 1,850 zilezile, mke kajenga Bunju kwa jina la mama mkwe. Leo kabadilisha jinsia tu.

Mnyalu wa Zamani:
Kumbe tunapotezewa muda! Nilikuwa nishaanza kumwombea.

MamaWawili_TX:
Niwekee huo uzi, kaka. Tafadhali.

Chui wa Pwani:
Nimekutumia inboksi.

MamaWawili_TX:
Ni yeye. Nyumba anaiita "Ikulu", hilo jina ni la kwetu wawili tu. Aliuliza msimamizi anaandikiwaje barua. Na mkamjibu.

Chui wa Pwani:
Dada samahani. Mmoja wa waliomjibu ni mimi.

Kalamu Mezani:
Wakili wako mwenyewe, kesho asubuhi, umweleze yote kabla msimamizi hajakuuliza. Kaka umempigia?

MamaWawili_TX:
Nimempata sasa hivi. Anasema mnunuzi katoa nusu tangu Ijumaa, na mama ameshaanza kufunga vyombo.