Volkswagen ya marehemu baba: Corgi ya zamani, chuma ya 1:18 au resini ya 1:43?

Mwana wa Mkunguni (Lamu)
Assalaam aleikum. Najua mtacheka: vichochoro vyetu hupita punda, ukitaka gari uvuke hadi Mokowe, na mimi kabati limejaa magari. Haya, chekeni, kisha mnisaidie.

Marehemu baba alikuwa na Volkswagen huko Malindi, ile ya mgongo wa kobe. Imebaki picha moja, nyuma imeandikwa 1959 kwa wino. Nataka modeli yake, kigari cha mfano cha kuweka kabatini. Na kwa kuwa Volkswagen ilishinda Safari ya 1962, ile rali ya Afrika Mashariki, naona nikipata ya rali nimemaliza yote mawili. Zilizoko mbele yangu ni tatu: kigari cha kuchezea cha Corgi, namba 256, cha miaka ya sitini, kilichotengenezwa kwa ajili ya hiyo Safari; ya chuma ya 1:18 (gari la kweli limepunguzwa mara 18), milango na boneti vyafunguka, muuzaji asema ni "ya 1959", na ya resini, aina ya plastiki ngumu ya kumimina, ya 1:43, haifunguki popote. Bei hazipishani sana. Ipi iliyo sahihi?

Kobe wa Malindi
Wa aleikum salaam. Kwanza nieleze picha. Taa za kuonyesha kona ziko wapi?

Mwana wa Mkunguni
Juu ya madigadi sioni kitu. Ubavuni, kwenye nguzo nyuma ya mlango, kuna kimkono kimechomoza.

Kobe wa Malindi
Basi rali ya 1962 isahau. Kile kimkono ndiyo indiketa ya kizamani, na Volkswagen ilikiacha Agosti 1960, ndipo indiketa za kuwaka zikapanda juu ya madigadi ya mbele. Gari aliloshinda nalo Tommy Fjastad 1962 na gari la mzee wako ni ndugu, si mtu mmoja. Itabidi uchague.

Hiyo ya 1:18 tazama taa kubwa za mbele. Kioo chake kimelala kufuata mteremko wa madigadi, au kimesimama wima?

Mwana wa Mkunguni
Kimesimama. Na bampa ni nene, bapa.

Kobe wa Malindi
Nilijua. Taa za wima na bampa zile zilianza Agosti 1967. Huyo muuzaji anakuuzia babu aliyevaa uso wa mjukuu. Kiwanda kimechonga bodi moja, kisha kila rangi wanaipa mwaka wake.

Fundi Langoni (Lamu)
Mimi nina neno na hiyo milango inayofunguka. Volkswagen ya kweli ina urefu wa mita 4.07, kwa 1:18 hiyo ni sentimita 22 na nusu hivi. Mwanya wa milimita moja kandokando ya mlango, ukiuzidisha mara 18, ni karibu sentimita mbili. Wapi uliona Volkswagen mlango wake umeachana na bodi sentimita mbili? Utapata furaha kidogo siku ya kwanza, kisha miaka ya kuutazama mwanya. Resini mistari huchorwa, basi. Hata waipa huwa ni chuma chembamba, si ule mti wa plastiki.

Lakini resini nayo huvunjika. Mimi kioo cha pembeni kilinikatika nikifuta vumbi tu, tena kwa brashi ya rangi. Na usiweke kabati upande wa dirisha la bahari. Modeli yangu ya chuma ilianza kufura rangi kwenye ukingo wa boneti, vipele vidogo kama vya joto, kabla sijaihamisha.

Bi Rehema wa Shela
Nanyi wanaume mwaisahau Corgi. Ile ilitoka 1965, nyekundu, na kwenye sanduku unampata kifaru wa kuchezea! Tairi la akiba juu ya paa ukilizungusha, magurudumu ya mbele yapinda. Usahihi hapo hakuna, hakuna gari lililowahi kuendeshwa kwa paa. Lakini ni kitu cha zama zile chenyewe, mtoto wa 1965 alikishika. Hizo nyingine zinaiga zamani.

Ukiinunua, mwulize kifaru ni cha asili au cha kufuatishwa. Na rangi ikiwa imechubuka, iache ichubuke. Ukipaka upya umeiua.

Kobe wa Malindi
Bi Rehema, hapo sikubishii. Ila kijana ataka gari la baba yake.

Jingine: usukani. Huku kwetu uko kulia. Modeli nyingi za magari ya Safari zina usukani kushoto, kwa sababu ndani wamemimina kipande kimoja cha Ulaya. Mulika tochi dirishani kabla hujatoa pesa.

Mwana wa Mkunguni
Nimemulika picha za muuzaji. Ya resini usukani uko kulia, kimkono kiko nguzoni, taa zimelala. Nachukua hiyo, dirisha lake la nyuma ni la mstatili.

Fundi Langoni
Subiri. Picha ya mzee yaonyesha nyuma?

Mwana wa Mkunguni
La. Ni mbele na ubavu.

Fundi Langoni
Basi 1959 ni mwaka wa picha, si mwaka wa gari. Dirisha la nyuma lilikuwa vipande viwili mpaka Machi 1953, kisha yai moja mpaka katikati ya 1957, kisha ndiyo hilo la mstatili. Kimkono kilikuwako muda wote huo. Ulizia wazee.

Mwana wa Mkunguni
Nimempigia shangazi Malindi. Asema walikuwa wakiwekwa watoto wawili kwenye shimo la mizigo nyuma ya kiti, na wakigombania kuchungulia, kwa kuwa dirisha lilikuwa "dogo, la duara kama yai la bata". Nikamwuliza ekzosi zilikuwa ngapi. Akacheka, akasema mbili, moja ilimchoma mguu.

Kobe wa Malindi
Ekzosi mbili ni kuanzia Agosti 1955. Dirisha la yai liliisha 1957. Mzee wako alikuwa na gari la miaka miwili ile tu.

Mwana wa Mkunguni
Nimempata mwingine mwenye resini ya dirisha la yai. Nimemwomba picha ya nyuma nihesabu ekzosi. Kanitumia tatu, zote za mbele.