Umeme wa akiba wa vituo vya data Mombasa: tununue mfumo mzima kwa muuzaji mmoja, au kila kipande kwa fundi wake?

Binti Kuze

Naanzisha mjadala, na upande wangu nautaja mapema: mimi niko na mfumo mzima, hasa pale inaponunua serikali kwa kodi yetu.

Kwa asiyeifuata kazi hii, stima ikikatika betri za UPS, kifaa cha umeme wa akiba wa papo hapo, ndizo zinazobeba seva kwa dakika chache. Jenereta huwaka kwa sekunde 10 hadi 15, kisha chenjiova, yaani swichi ya kubadilishia umeme, inazihamishia seva kwenye jenereta. Zamani kila kimoja kilikuwa na muuzaji wake. Siku hizi kampuni kama Schneider Electric, Vertiv na Huawei zinauza UPS, betri, swichi na vipozaji vikiwa vimeshaunganishwa na kujaribiwa kiwandani, wakati mwingine ndani ya kontena moja na seva zenyewe. Unaliteremsha, unaunganisha, kazi inaanza.

Kwa nini yatuhusu sisi? Kwa sababu nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ziliingia nchini kupitia ufuo huu mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Giza la chumba kimoja hapa linaweza kufika Kampala na Kigali.

Na kuwa na jenereta si kuwa na umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipozimika, sehemu za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta zilikaa gizani. Jenereta ilikuwapo, haikuwaka. Kwenye mfumo wa vipande, ukiuliza kosa la nani, wa jenereta anamwonyesha wa swichi, wa swichi anamwonyesha wa betri. Mimi nataka sahihi moja na simu moja ya kupiga.

Fundi wa Mikindani

Dada, hiyo simu moja nimeshaipiga.

Nilikuwa naangalia chumba cha seva cha ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Walinunua mfumo mzima, kabati zuri jeusi, kioo cha kugusa, kila kitu. Mwaka wa pili kadi ya kuendesha UPS ikafa. Niliitoa mwenyewe: miguu ya vifaa vidogo imeota unga wa kijani, hewa ya chumvi imeila, kwa sababu mtu alizoea kuacha mlango wazi akivuta sigara. Nikapiga. Nikajibiwa kwa adabu kabisa kwamba kadi itatoka ng'ambo, na nisiguse kitu, garantii itaanguka. Wiki tatu tumekaa bila UPS. Jenereta yao kuukuu iliyokuwa nje, ile waliyoionea aibu, hiyo spea yake naipata mjini kabla ya adhuhuri.

Halafu joto. Betri za risasi, aina ya zile za gari, zimepimiwa nyuzi 25. Ukizidisha kama nyuzi 10 hivi, umri wake unakaribia nusu. Ndani ya kabati lililobanwa, Februari ya Mombasa, kipozaji kikilala siku mbili, hesabu mwenyewe.

Utaniambia tuweke za lithiamu. Zinadumu zaidi, kweli. Lakini Septemba 2025 Korea Kusini, kituo cha data cha serikali kule Daejeon kiliungua, moto ukianzia kwenye betri za lithiamu wakati zinahamishwa kutoka karibu na seva. Mifumo zaidi ya 700 ya serikali ikasimama. Sasa nyinyi mwataka zikae kontena moja na seva tangu siku ya kwanza?

Jirani wa Nyali

Mwabishana anunue nani, mie nalala ukuta mmoja na jenereta ya watu. Kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinasema desibeli 35 usiku kwa mtaa wa makazi. Sijui nani huja kupima. Na kila Jumamosi wanaiwasha nusu saa "kuijaribu", moshi mweusi unatua kwenye kanga zangu kambani.

Fundi wa Mikindani

Mama, huo moshi una maana. Wanaiwasha bila mzigo, yaani hakuna kitu kinachovuta umeme wake. Injini haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, inabaki masizi ndani. Ukiona moshi huo, jua hilo si jaribio. Siku stima ikikatika kweli, mzigo wote ukiiangukia, ndipo inapokohoa ikazima.

Na jenereta zinazokataa kuwaka kabisa, nyingi nilizofungua tatizo lilikuwa betri ya kuwashia tu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kule uwanja wa ndege. Nasema ukikwangua vichwa vya betri na kumwagia maji ya moto, utashangaa mashine ya mamilioni imesimamishwa na nini.

Binti Kuze

Haya, la betri nakubali. Zitengwe, chumba chake, ukuta wa kuzuia moto. Kontena moja si lazima.

Lakini yakhe, mfano wako wa kadi unanisaidia mimi. Kosa halikuwa kununua kwa mmoja, kosa ni mkataba haukumlazimisha kuweka spea hapa Mombasa. Muuzaji mmoja unaweza kumwandikia hivyo: kadi, feni na seli za akiba zikae ghala la hapa, fundi wa hapa afunzwe kuzibadilisha bila garantii kuguswa, na kila miezi mitatu stima ya nje izimwe makusudi, mchana, kila mtu yuko kazini, tuone. Wauzaji watano utawaandikia vipi sharti hilo la mwisho? Kila mmoja atajaribu chake, kitapita, na kwenye viungo, pale kimoja kinapokabidhi umeme kwa kingine, hatajaribu mtu.

Fundi wa Mikindani

Hapo kwenye viungo umenipata, sina jibu. Chenjiova ndiyo iliyoniamsha usiku mara nyingi kuliko jenereta na betri.

Ila nani atavuta hiyo swichi mchana? Pale kwenye ofisi ya mizigo niliomba ruhusa ya kuzima dakika kumi tu. Meneja akaniambia nisubiri Idi ipite, kuna meli. Ilipita Idi ndogo, ikaja kubwa, barua yangu bado ipo mezani kwake.