Mmeikata waya Crown yangu hapa Dodoma, halafu mnaniambia "gari la zamani ndivyo lilivyo"!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu. Nimekaa ndani ya gari hapa Kisasa, milango yote nimeiacha wazi kwa joto hili, dashibodi imefunguliwa nusu na mapajani nina vipande vya waya vilivyokatwa kwa koleo. Naandika na hasira zangu, wala sitaki zipoe kwanza.

Gari ni Toyota Crown Athlete ya 2009. Wenye nazo mnaijua raha yake na mnaijua kero yake. Barabarani imetulia, ukigusa inaitika, ila kioo cha katikati ni Kijapani mwanzo mwisho. Ramani ni ya Japani tu. Ukiwa Chamwino kishale kinaelea kwenye weupe mtupu, hata njia ya ng'ombe hakuna. Redio nayo inaanzia 76 inaishia 90, maana ndiyo masafa ya kwao, wakati sisi stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo zaidi ya miaka miwili nimekuwa nikisikiliza muziki kwa simu iliyotumbukizwa kwenye kishikio cha kikombe. Mke wangu anaiita "redio ya kikombe".

Nilichotaka ni kitu kimoja. Nilitaka CarPlay, ule mfumo wa Apple unaoleta ramani na muziki wa iPhone kwenye kioo cha gari, tena kwenye kioo kile kile cha kiwandani. CarPlay ilitoka 2014, Android Auto, ndugu yake wa simu za Android, ikafuata 2015, kwa hiyo gari la 2009 lisingeweza kuzaliwa nazo. Najua kuna redio kubwa za Kichina zenye Android ambazo unang'oa kioo chote unapachika kingine. Nilizikataa, na sababu ninayo: kwenye gari langu mambo ya AC yanaonekana kwenye kioo hicho hicho. Uking'oa kioo ndio umeanza safari nyingine ya kuhangaika na AC, tena Dodoma, mwezi wa kumi.

Basi nikasoma, nikauliza, nikaelewa kuna kisanduku. Kinakaa kati ya mtambo wa redio na kioo. Picha ya kiwandani inapita humo, na ukikitaka cha simu unabonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa, kioo kinabadilika. Ukigusa kioo, kisanduku kinapeleka mguso kwenye simu. Ukiweka rivasi kinajitoa chenyewe, kamera yako ya zamani inaonekana. Kinakuja na soketi zake zinazofanana na za gari, unachomoa ya kiwandani, unachomeka yake katikati. Hakuna kukata kitu. Hiyo ndiyo raha ya kile kidude, na siku ukikichoka unakitoa gari linabaki lilivyokuwa.

Nikaenda duka moja la vifaa vya magari hapa mjini. Jina naliacha, wenyewe watajijua wakisoma. Kijana akanipokea vizuri, soda baridi, kiti. "Mkuu, hivyo tunafunga kila siku." Nikamuuliza: kuna waya wowote utakata? "Hakuna bosi, ni soketi kwa soketi." Nikarudia tena swali lile lile, mbele ya mwenye duka, akajibu vile vile. Laki saba na themanini, kisanduku pamoja na ufundi, nikatoa yote. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, nilipewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari ina mhuri. Hapo najua nilizubaa, msianze kunipiga madongo, nimeshajipiga mwenyewe.

Gari nililiacha asubuhi nikapanda daladala kwenda kazini Mtumba. Narudi saa kumi na moja jioni nakuta Google Maps imejaa kioo kizima, Nyerere Square hiyo hapo, foleni inaonekana. Jamani, nilisahau kila kitu. Nilizunguka Area D bila sababu kama mtu aliyenunua gari jana.

Raha ilidumu hadi nilipotoka mjini.

Jumamosi naelekea Morogoro, nimepita Kibaigwa, muziki unaanza kukwaruza. Mbele kidogo mchungaji anahubiri juu ya wimbo wangu. Nikadhani simu. Nabadilisha simu, mchungaji yuko pale pale. Kumbe wale mabwana sauti hawakuipitisha kwenye AUX, yaani tundu la kuchomekea waya wa sauti, wameifunga kwa kale kakifaa ka kurusha FM! Sasa fikirieni wenyewe: kale kakifaa kanarusha kuanzia 87.5 hadi 108, redio ya Crown inaishia 90. Nafasi ya kukutania ni 87.5 hadi 90 tu, na humo ndimo stesheni za kila mji unaoupita nazo zinapumulia. Kila baada ya kilomita kadhaa mchungaji mpya. Nimelipa laki saba na themanini kurudi kwenye kelele.

Nikawapigia. "Mkuu, gari lako halina AUX, ni la zamani, tungefanyaje?" Nikameza.

Simu nazo hazisikiki. Kila ninayeongea naye anasema naongea nikiwa kwenye pipa. Kipaza sauti nimekikuta leo: wamekitupa nyuma ya dashibodi, kimelala juu ya bomba la AC. Hata kukibandika karibu na taa ya juu waliona uvivu.

Hayo yote ningevumilia. Lililonifikisha hapa ni betri.

Nilikwenda Dar kwa SGR, gari nikaliacha stesheni siku tatu. Narudi na treni ya jioni, nina begi, nina mtoto amelala begani. Rimoti kimya. Nafungua mlango kwa ule ufunguo mdogo wa ndani ya rimoti, nabonyeza kitufe cha kuwasha: taa zinafifia, tik, tik, kimya. Dereva taksi akanibusti kwa elfu ishirini, na alikuwa na haki ya kudai zaidi. Betri haina hata miezi mitano!

Kesho yake narudi dukani nimetulia kabisa, naeleza kistaarabu. Mwenye duka hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Hiyo ni kawaida kwa magari ya zamani, kaka. Ungenunua jipya." Wateja wawili wakacheka. Sijawahi kuaibishwa hivyo na mtu anayekula hela yangu.

Nikaenda kwa mzee mmoja karibu na soko la Majengo, fundi wa redio na TV tangu enzi za deki. Magari hayatangazi, ila ana mita na ana subira. Akazima gari, akafunga milango, akasubiri, akapima umeme unaovuja. Nusu ampia. Akaniambia gari lililolala halitakiwi kuvuta hata miliampia 50, hili linavuta mara kumi yake. Pigeni hesabu: nusu ampia kwa saa 24 ni ampia-saa 12, siku tatu 36. Betri yangu ni ya 55. Itabaki na nini cha kuzungusha injini?

Akafungua. Wakuu, nilitaka kulia. Kisanduku kina waya wa njano wa umeme wa kudumu na waya mwekundu unaotakiwa kuwaka ukiwasha swichi tu. Wale mabwana wameisokota pamoja, nyekundu na njano, wakazichomeka kwenye umeme wa kudumu. Kisanduku hakilali! Kiko macho usiku kucha kinatafuta simu yangu. Na soketi za kisanduku, zile za "soketi kwa soketi", ziko humo humo kwenye mfuko wa plastiki, nzima, hazijatumika. Waya za kiwandani wamezikata, wamezisokota kwa vidole, wakazungushia solotepu. Hazikulehemewa hata moja. Kwa jua hili gundi ya tepu imeshayeyuka, waya ziko uchi, nyekundu inapumulia nyeusi. Wa ishara ya rivasi umeshachomoka, ndiyo maana kamera ya nyuma imekufa tangu wiki iliyopita na nikapewa jibu lile lile la uzee wa gari.

Huku ndiko kulipua kazi. Kama hujui, sema hujui. Mimi ningeondoka na hela yangu na tungebaki marafiki. Kuna ubaya gani fundi kusema "hii Crown sijawahi kuifunga, nipe siku mbili niulize"?

Halafu sikieni hii. Mzee akafungua kile kisanduku cha katikati tunachowekea mkono, akatoa miwani yangu na risiti za mafuta, akamulika tochi. Matundu matatu: njano, nyeupe, nyekundu. Kama ya nyuma ya deki! Akachukua waya wa elfu tano, akachomeka nyeupe na nyekundu, akachagua kwenye menyu ya Kijapani kwa kubahatisha mara mbili. Sauti ikatoka safi kama ya kiwandani, mchungaji kwisha kazi. Dakika kumi. "Gari lako halina AUX." Mungu anawaona.

NAONGEZA (saa mbili usiku): Nimesoma majibu. Anayesema kisanduku ni feki, hapana, kisanduku ni kizima. Anayeuliza kama kinakula bando: picha kati ya simu na kisanduku inapita kwa Wi-Fi yao wenyewe, haigusi bando, ramani na muziki wa mtandaoni ndiyo vinakula, kama kawaida. Anayenishauri Tume ya Ushindani, nimekusikia, ila nina karatasi ya daftari tu mkononi.

Mwenye duka amenipigia jioni hii. Kumbe ameuona uzi. Sasa naitwa "kaka yangu", ananiomba niufute, atanifungia upya bure. Nimemjibu kwamba gari langu vijana wake hawaligusi tena. Nataka hela ya ufundi na ya kubustiwa, basi. Zile waya mzee anazilehemu Jumamosi, moja moja, anasema ziko kumi na nne. Uzi haufutwi.