Kugeuza riwaya kuwa tamthilia ya muziki: tuanzie wapi?

Pazia_Dar: Wakuu, kikundi chetu kinataka kuigeuza riwaya moja ya Kiswahili iwe tamthilia ya nyimbo. Mwandishi yuko hai, kitabu kina kurasa 280. Tuna mtunzi mmoja na waigizaji 14. Wapo wanaotaka tuanze kutunga wiki hii, wapo wanaosema ruhusa kwanza. Utaratibu ukoje?

Mkatabani: Ruhusa kwanza, tena kwa maandishi. Ombeni kuona mkataba wa mwandishi na mchapishaji. Mwandishi anaweza kuwakubalia kwa moyo mweupe kumbe haki za jukwaani alishazisaini zamani. Chukueni haki ya kuandaa kwa muda maalumu, tuseme miezi 18 yenye nafasi ya kuongeza, kwa ada ndogo. Asilimia ya viingilio ije mkishaonyesha. Andikeni pia nyimbo zitabaki za nani mkishindwana. Ulizieni na haki za filamu: riwaya ya Kimarekani ya Wicked ilitoka 1995, kampuni ya filamu ya Universal wakazishika haki zake wakitaka filamu, mpaka mtunzi wa nyimbo Stephen Schwartz alipowashawishi iende jukwaani. Ikafika Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, Oktoba 2003.

Noti_Ndefu: Kurasa 280 hamtaziimba. Onyesho la saa mbili na nusu hubeba nyimbo kama 18 au 20. Chagueni mhusika mmoja, anachokitaka akiimbe ndani ya robo saa ya kwanza. Visa vya pembeni kateni, hata vile wapenzi wa kitabu wanavyovililia. Wimbo unaorudia yaliyokwisha kusemwa ndio unaowatoa watu simu mfukoni.

Na mfikirieni asiyesoma kitabu. Les Misérables, tamthilia ya nyimbo iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo, ilipoonyeshwa Paris 1980, Wafaransa hadithi waliijua. Ilipokwenda London 1985 ikabidi iongezwe sehemu ya mwanzo inayoonyesha mhusika mkuu, Valjean, anavyotoka kifungoni.

Kinachoharibu nyimbo nyingi ni mkazo. Ubeti wa kwanza una "ngoja", wa pili una "ningojee": mkazo umehama kutoka "ngo" kwenda "je", na melodi ileile haikai tena. Shairi lisomwe kwa sauti, silabi za mkazo zipigiwe mstari, ndipo melodi itungwe. Mkianza na melodi, noti ndefu itaangukia silabi ya mwisho na mwimbaji atasikika kama mgeni wa lugha.

Mkatabani: Naongezea: msishone vazi hata moja kabla ya usomaji. Kinanda kimoja, waigizaji wamekaa na makaratasi, wasikilizaji 20 wasioijua riwaya. Mmoja ashike saa, aandike dakika watu walipoanza kujinyoosha. Hapo ndipo pa kukata. Wicked yenyewe ilianzia San Francisco 2003, ikafanyiwa marekebisho makubwa kabla ya New York.

Pazia_Dar: Shukrani wakuu. Mtunzi ana nyimbo tatu tayari, tuzirushe YouTube kutafuta wafadhili?

Mkatabani: Hapana. Kama zinatumia wahusika na visa vya kitabu, hiyo tayari ni kazi iliyotokana na riwaya. Mfadhili mpigieni nyimbo hizo mkiwa naye chumbani, baada ya mkataba kutiwa sahihi.