Samaki wa Mayungu: chotara au kasoro tu?

MvuviMayungu: Juzi maji mafu, nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari ya Malindi, nimeona samaki wa anemoni (wale wakaao ndani ya kiumbe cha bahari chenye minyiri) ambaye sijapata kumwona. Mwili wa machungwa na mstari mgongoni kama wa aina ya akallopisos, lakini nyuma ya jicho ana mshipi mweupe kama wa aina nyingine, allardi, umekatika katikati kama chokaa iliyofutwa kwa kidole. Mnunuzi keshaniahidi bei nzuri. Nimtoe au nimwache?

TangiNyumbani: Chotara huyo! Wote wawili hukaa kwenye Stichodactyla mertensii, ile anemoni pana kama zulia. Leucokranos, samaki wa anemoni wa Papua New Guinea, alidhaniwa aina kamili, kumbe ni mtoto wa aina mbili, chrysopterus na sandaracinos. Mtoe. Chotara hakosi soko, waulize wa Malindi 😂

BintiShela: "Waulize wa Malindi" ndiyo nini? Baba Mtaliano, mama Mgiriama. Nina soko gani mimi?

TangiNyumbani: Dada, nazungumzia samaki.

BintiShela: Samaki haulizwi Malindi.

MzeeKombo: Tulieni wanangu. Chotara si tusi. Mimi ukinikwangua utakuta Mbajuni, chini yake Mhadhrami, chini yake sijui nani.

BintiShela: Shikamoo mzee. Si tusi kwako, hujaambiwa ukae pembeni foleni ya kitambulisho "kwanza tukuhakikishe".

MzeeKombo: Marahaba. Nimeambiwa mara tatu! Wewe unadhani Wabajuni tunapewa kwa sahani?

LamuPwani: Jamani, samaki. Mshipi hukatika hata bila ndoa, waliozaliwa tangini wako tele hivyo. Mwaka 2021 watafiti walionyesha percula wadogo, aina nyingine ya samaki wa anemoni, hupata mishipi upesi au polepole kutegemea anemoni waliyoangukia. Bila kukata kipande cha pezi kikapimwe vinasaba, hayo ni maneno ya barazani. Na angalieni mnachotoa: mkubwa pale ndiye jike, akiondoka dume wake hugeuka jike.

BabaWawili: Dume ageuke jike?? Ndiyo mnayofundisha watoto wetu siku hizi?

LamuPwani: Sikumfundisha mimi.

MzeeKombo: Mke akifa mume anakuwa mke. Kuna nyumba hapa mtaani hawakungoja hata mke afe.

BabaWawili: Mzee nakuheshimu, lakini kama ni mimi unanisema, nitaje jina.

MzeeKombo: Mimi nimetaja nyumba?

Mpitanjia: Malindi ni hifadhi tangu 1968, huyo mvuvi akamatwe.

MvuviMayungu: Nimesema NJE ya mipaka. Watu hamsomi. Picha sina, simu yangu haizamii. Nyongeza: ni mdogo, anakaa na allardi mkubwa mweusi, wawili tu.

TangiNyumbani: Si nilisema! Hata kwa leucokranos, aina kubwa ndiyo mama. Ila huyo wako kakaa na allardi kama mume, si mtoto, watoto wao huchukuliwa na maji. Niandikie faragha tuongee bei.

BintiShela: Mmeona? Kumbe bado anatafuta chotara wa kununua.

LamuPwani: Kama ni jozi, mwache utazame watataga. Mayai hubandikwa mwambani, ubavuni mwa anemoni.

BabaWawili: Mzee Kombo bado hujanijibu.

MvuviMayungu: Mnunuzi kapiga tena. Nimemwambia bamvua liko njiani, maji yatachafuka, angoje.